Babu Yupi?

Nilikuwa nimeshavaa kofia. Anayenijua, hilo linamtosha: kofia ikishakaa kichwani, mimi sipo tena hata kama bado unaniona. Mfuko ulikuwa begani, kiatu cha mguu mzima kilikuwa kimefungwa, na kilichobaki ni kiatu cha mguu mbovu, ule ulionilaza hospitali kwa kidonda kilichokataa kufunga. Daktari alipita asubuhi ile akakichungulia, akasema, "Mzee, leo unaweza kwenda." Akaongeza kwamba nisubiri karatasi, nisubiri chai, nisubiri dawa za kwenda nazo nyumbani. Masikio yangu yalichukua neno moja tu, kwenda. Nyumbani kwenyewe sikuwa nako. Nilikuwa na basi la kuwahi, na basi halisubiri chai.

Nilikaa kwenye kitanda cha jirani yangu kufunga hicho kiatu, maana changu walishavua shuka na kukipangusa kwa dawa, kikawa kimelowa chote. Jirani huyo tulimwita Fundi Saa, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomzeesha, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wakati huo alikuwa chooni. Kabla hajaenda aliniazima wembe na kioo, nikanyoa ndevu zote nilizoingia nazo wodini. Nikisafiri napenda kuanza upya. Fundi aliniangalia akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe chini ya kile kichaka kulikuwa na mtu!"

Ndipo akaja Mjukuu na sinia la dawa.

Mjukuu alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, ameletwa wodini kwetu mwanzoni mwa wiki hiyo kufanya mazoezi. Jina alikuwa nalo, limebandikwa kifuani, lakini sisi wazee hatukujisumbua kulisoma. Yeye alituita sote Babu, sisi sote tukamwita Mjukuu, mambo yakaisha. Alilelewa na babu yake, ndivyo alivyotuambia, na huko alikolelewa mtoto kumkazia macho mtu mzima na kumwuliza jina lake ni kama kumwuliza ameiba nini. Kwa hiyo kila kitanda kilikuwa na Babu. Babu, umeamkaje? Babu, geuka nikutandikie. Ilitupendeza, nisiseme uongo. Mtu amelala na mrija mkononi, watoto wake wako mbali au hana kabisa, halafu sauti inamwita Babu kana kwamba imekulia mapajani mwake. Unapona nusu.

Alikuwa anasoma kwa sauti. Akipanga sinia alinong'ona somo lake: mtu sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Sisi tukalishika kuliko tulivyoshika sala. Akipita, Fundi Saa humdaka:

"Ya tatu?"

"Kiasi sahihi, Babu."

"Ya nne?"

"Njia sahihi."

"Njia ya wapi, ya chooni?"

Wodi nzima inaangua kicheko. Lakini kicheko chake yeye kilikuwa kifupi. Katika wodi aliyotoka aliacha kikombe cha vidonge juu ya kabati la mgonjwa, hakusimama kuona vikimezwa, na mgonjwa akavitupa dirishani. Mwalimu wa chuo akamwambia kosa jingine la dawa, anarudi kwao na sanduku lake. Alitusimulia hayo huku anatabasamu, kama mtu anayekuonyesha jino bovu.

Asubuhi ile alisoma karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda cha Fundi. Aliisoma vizuri, akatoa vidonge vile vile vilivyoandikwa, akamimina maji. Kila kitu kilikuwa sawasawa kasoro mtu. Mbele yake aliona mzee aliyenyolewa, ameinama anapigana na kiatu, kofia imemfunika mpaka nyusi.

"Babu, dawa yako."

"Naam, Mjukuu wangu."

Mzee akiitwa Babu na binti mwenye adabu ataitika naam hata kama anaitwa kunyongwa. Nami nilijua daktari ametaja dawa, nikadhani ndizo hizi, za kuagana. Nikazitupa mdomoni, nikashushia maji. Safari hii Mjukuu alisimama. Akaniambia nifungue mdomo, akachungulia, akaridhika.

"Ahsante, Babu. Chai inakuja, usikae bila kula."

"Haya, mama."

Alipogeukia kitanda cha pili, mimi nilikuwa mlangoni.

Yaliyofuata wodini nimeyapata kwa Fundi Saa, na Fundi Saa hadanganyi isipokuwa akiulizwa umri wake. Alirudi kutoka chooni, akakaa, akangoja. Mjukuu alipopita na sinia likiwa limebaki na vikombe vitupu, akamsimamisha.

"Mjukuu, leo mimi nimesuswa? Dawa yangu iko wapi?"

"Si umemeza sasa hivi, Babu?"

"Nimemeza nini? Mimi nilikuwa chooni, na huko hakuna aliyenihudumia."

Binti akamwangalia, akaangalia kitanda alichokalia, akaangalia kitanda changu kitupu. Akaliweka sinia chini.

"Yule aliyekuwa amekaa hapa..."

"Mtani wangu huyo, wa kitanda cha pembeni. Ameshatoka kama moshi. Amenyoa ndevu, hata mimi mwenyewe nilitaka kumwamkia."

Mjukuu akakaa kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo wauguzi hawaruhusiwi. Akasema polepole, "Babu, nimempa dawa ya kushusha sukari mtu asiye na sukari. Na hajala kitu."

Fundi ana huruma, na siku hiyo huruma yake ilimpeleka kombo. Akamshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Yule ni mzururaji. Hana kwao, hana simu, hana wa kumuulizia. Sasa hivi yuko kwenye basi anasinzia. Mimi nitasema nimemeza zangu, wala usijali, mimi na hii sukari tumeshazoeana. Nani atajua? Wewe maliza shule yako."

Anasema aliliona kabisa neno hilo likimwingia binti, likakaribia kuvua viatu na kukaa. Mjukuu alitazama mlango, akatazama sinia. Wodi ilikuwa inaendelea na mambo yake, mtu anakohoa, mtu anadai chai yake ina moshi. Hakuna aliyekuwa anamwangalia isipokuwa Fundi.

"Hana kwao," akasema Mjukuu. "Basi akianguka huko njiani, nani atawaambia amemeza nini?"

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Sista wa wodi.

Sista huyo tulimwita Mama Mkwe, si mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na akiingia kila mwanamume anakunja miguu, anajifunika vizuri na kunyamaza. Mjukuu alisimama mbele ya meza yake, mikono nyuma.

"Sista, nimekosea dawa."

Hata anayekohoa alikoma.

"Umempa nani? Dawa gani? Kiasi gani? Amekula?"

Mjukuu akajibu yote isipokuwa la kwanza. "Ni yule aliyeruhusiwa leo, ameshakimbilia basi. Jina lake silijui, Sista."

"Unamwitaje?"

"Namwita Babu."

Mama Mkwe alivua miwani. Fundi anasema wote walijikunja wakingoja radi. Lakini yeye alivuta faili langu kutoka kwenye rundo la wanaotoka, akalifungua, akaweka kidole. "Jina lake hili hapa. Soma. Soma tena, usiangalie. Sasa chukua sukari pale kwenye chai, chukua chupa ya maji, kimbia stendi, una miguu kuliko mimi. Ukimkuta yuko macho na anameza, mpe. Ukimkuta hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta mtu mwenye simu, nipigie. Mimi namwita daktari na kuandaa dripu."

"Sista, mimi ndiyo basi tena?"

"Nimekwambia kimbia. Hayo mengine tutayakuta hapa hapa."

Mimi nilikuwa kwenye siti ya dirishani, nimeuinamia mfuko wangu. Injini ilikuwa inanguruma. Mwanzoni nilijisikia njaa, njaa ya ajabu, ya kutaka kula kamba ya mfuko. Kisha jasho likaanza kunitoka, jasho baridi, na mikono ikawa inacheza. Nilidhani ni raha ya kuondoka. Hunipata hivyo mara nyingine.

"Mzee wangu," kondakta akaniambia, "unatetemeka hivyo na gari halijatembea?"

"Ni mguu."

"Mguu gani huo uko mkononi?"

Maneno nilikuwa nayo lakini yalikuwa mbali, kama vyombo vilivyowekwa kabati la juu.

Ndipo nikasikia kule nje: "Babu! Babuu!"

Stendi asubuhi ina wazee kama ilivyo na mbwa. Aligeuka mzee wa kung'arisha viatu, akageuka mlinzi wa choo, akaamka mmoja aliyekuwa amelalia gunia.

"Babu yupi, binti?" mng'arisha viatu akamwuliza. "Tupo wengi, chagua."

"Namtafuta mzee aliyetoka hospitali!"

"Yukoje? Ana ndevu?"

"Amenyoa!"

"Basi ndiyo sisi sote!"

Wakacheka. Binti alikuwa anahema, viatu vyake vyeupe vimejaa tope, chupa ya maji mkono mmoja na kikaratasi cha sukari mkono mwingine. Akakimbia basi hadi basi, anachungulia madirisha. "Babu! Babu!"

Mimi nilimsikia. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, nilimsikia vizuri, na sikugeuka. Wodini Babu ulikuwa mchezo wetu. Stendi ni mahali pa watu wenye wajukuu kweli. Mtu ambaye hakuzaa hana sababu ya kugeuza shingo akisikia Babu barabarani, na mimi nimepita barabara nyingi bila kuigeuza. Nikafumba macho. Kondakta akagonga bati la mlango, gari likaanza kurudi nyuma.

Sauti ikanyamaza. Halafu ikapanda upya, na safari hii ikaliita jina langu.

Lote. Langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa mpangilio, kila moja limekatwa vizuri. Sijui kama unaelewa. Watu wa njiani huniita Mzee, huniita Kofia, huniita We. Shule nilisoma vipande vipande, muhula huku, mwaka kule, kila mahali nilipofika nikawa mgeni, na mara ya mwisho kuitwa hivyo kwa ukamilifu ilikuwa darasani, mwalimu anaita daftari la mahudhurio. Kichwa kilikuwa kimeshavurugika. Nikasimama wima kwenye siti, nikavua kofia.

"Nipo, mwalimu!"

Basi zima likavunjika mbavu. Kisha magoti yangu nayo yakavunjika, nikaketi pasipo siti.

Mjukuu alipanda kabla gari halijasimama. Alipiga magoti kwenye njia ya katikati, akanishika uso. Hakunitambua, niliona hanitambui, ananitafuta chini ya uso mpya.

"Babu, niambie jina lako."

"Si umelitangaza sasa hivi?"

"Sema wewe mwenyewe."

Nikasema langu. Nikasema la baba. La babu likanata kwenye ulimi, nikabaki namkodolea macho.

"Inatosha. Unaweza kumeza? Meza mate nione. Haya."

Akamimina sukari kwenye chupa, akatikisa, akaniwekea mdomoni. Mengine yakamwagika, tukalowa wote wawili.

"Anti," kondakta akaanza, "gari linaondoka. Mnafungua mkahawa humu?"

"Kaka, huyu mzee akizimia huko mbele, utamshusha wapi? Na utamwambia nani amekula nini?"

Kondakta akachomoa soda ya mama aliyekaa siti ya mbele, "Nitakulipa, mama, nitakulipa," akampa Mjukuu. Akanibeba mgongoni na mfuko wangu, akanishusha kwenye mkokoteni wa vitunguu uliokuwa unapita. Mwenye mkokoteni akalalamika vitunguu vitapondeka. Akaambiwa asukume.

Nikarudi hospitali nimelalia vitunguu. Mjukuu alikuwa anakimbia pembeni, ameshika kiganja changu, ananinywesha soda kwa mafunda na kuniuliza maswali nisije nikalala.

"Ulikuwa unaenda wapi, Babu?"

Nikamtajia.

"Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu."

"Kunywa tena," akasema.

Wodini Fundi Saa alinipokea kwa matusi na machozi kwa pamoja. Nikatiwa dripu ya sukari, nikatobolewa kidole mpaka nikaona wamekigeuza kimto cha kuchomekea sindano. Nilipopata nafuu nikaulizia basi la mchana. Mama Mkwe akaniambia dawa ile hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kupanda mbele ya macho ya watu halafu ikaanguka tena, kwa hiyo kofia yangu italala ofisini kwake hadi kesho yake. Akaichukua kweli.

Mwalimu wa chuo akaja. Mwanamume mrefu, tai imebana shingo, hakuwa mkali wala mpole. Walizungumza kando ya kitanda changu kwa sababu daktari alisema nisiachwe peke yangu. Mjukuu alikuwa ameshakunja sare yake ya ziada na kuitia kwenye begi. Begi lilikuwa miguuni pake.

"Hili ni la pili," mwalimu akasema.

"La kwanza alikamatwa," Mama Mkwe akajibu. "Hili amelileta mwenyewe, mkononi, akijua linamfukuzisha. Asingelileta, mimi huyu mzee ningekuja kumsikia wapi? Angefia kwenye kiti, wangesema uzee."

Mwalimu akamgeukia binti. "Unayajua yale matano?"

"Nayajua."

"La kwanza?"

"Mtu sahihi."

"Kwa nini hukumwuliza jina?"

"Niliona nitamvunjia heshima."

Fundi Saa, aliyekuwa amejifanya amelala, akakohoa. Mwalimu alinitazama mimi. "Mzee, angekuuliza ungeona amekuvunjia heshima?"

Sikuwa na la kupamba. "Mwalimu, leo nimeitwa jina langu lote mbele ya stendi nzima. Mpaka nikavua kofia."

Mwalimu alilegeza tai. Kisha akatoa uamuzi wake kwa sauti ile ile ya kusomea matokeo. Hafukuzwi. Atarudia mazoezi yote ya dawa tangu mwanzo, hatamaliza na wenzake, na hatagusa sinia bila Sista kusimama naye. Mjukuu alilia hapo. Wenzake alikuwa amepanga nao chumba kimoja, wamekwenda pamoja tangu siku ya kwanza. Mama Mkwe hakumbembeleza. Aliliinua lile begi kutoka miguuni pake, akalisukuma chini ya meza, akasema, "Dawa za saa hizi zinakungoja."

Akazungusha sinia, Sista nyuma yake. Alianza na Fundi Saa.

"Babu, naomba unitajie jina lako kamili."

"We! Juzi umenikata kucha, leo hunijui?"

"Nakujua, Babu. Naomba hata hivyo."

"Ona maajabu. Nimekuwa mshtakiwa." Lakini Fundi alijiinua kwenye mto, akakohoa, akafuta midomo, akalitaja jina lake na la baba yake na la babu yake, na akaongeza kazi yake na mtaa wa duka lake, bila kuulizwa. Mjukuu akalinganisha na karatasi. Kitanda cha pili kikaanza kujiandaa kabla hajafika. Kitanda cha tatu mzee mmoja akaomba apewe kwanza meno yake, hawezi kulitaja jina la baba yake bila meno.

Aliponifikia mimi hapakuwa na dawa ya kunipa, ni kutoboa kidole tu. Akauliza vile vile. Nikalitaja. La babu yangu nalo likatoka.

Niliondoka kesho yake, nimekunywa chai, karatasi mfukoni, kofia nimerudishiwa.

Fundi Saa alikatwa kidole cha mguu mwaka uliofuata, akarudi dukani, akafanya kazi hadi alipofariki usingizini. Duka amelichukua binti yake, anauza vifuniko vya simu. Mama Mkwe alistaafu, anafuga kuku. Mwalimu wa chuo alihamishwa, sijui wapi. Kondakta aliacha basi akaoa yule mama wa soda. Hilo niliambiwa, sikuliona. Mwenye mkokoteni bado anauza vitunguu. Mjukuu alimaliza chuo nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima. Yuko wodi ya watoto, na kwa kuwa watoto wengi hawalijui jina lao lote, anawauliza mama zao, kila mara, hata wale anaowajua. Kidonda changu kilifunga. Niko mji mwingine sasa, na ndevu zimeota tena.